Kiti cha Dirishani

Tegeni masikio, maana nikimaliza nitawahitaji.

Tanga palikuwa na chumba cha kuchorea kanga kwa kompyuta. Humo walifanya kazi watatu: Shekue, fundi wa pindo, Mkami, fundi wa mji, yaani mapambo ya katikati, na Rehani, fundi wa jina, yaani msemo wa kanga, ambaye maandishi yake yalisomeka hata mvaaji akikimbia. Kanga haiwi kanga bila vitatu hivyo.

Mwenye kiwanda, Bwana Mselem, aliyaziba madirisha kwa mbao. "Jua linaharibu rangi kwenye kioo cha kompyuta," alisema. Akabakisha moja, la kuwekea birika lake la chai.

Ikaja kazi ya sikukuu.

Shekue alipanga nukta za pindo moja moja, akasahau kupepesa, hata macho yakawaka kama yametiwa pilipili.

Mkami alilinganisha wekundu na wekundu, hata akitoka nje, mbali kote ukungu. Alimpita mama mkwe wake barabarani bila salamu. Ugomvi huo haujaisha hadi leo.

Rehani alinyoosha herufi za MACHO HAYANA PAZIA, hata kichwa kikamgonga na mstari mmoja akauona miwili.

Kanga ikagombaniwa sokoni. Daktari wa macho akawaambia wote watatu jambo lilelile: "Pumzisheni macho. Kila mara tazameni mbali."

Bwana Mselem akaondoa birika, akaweka kiti dirishani. "Zawadi hiyo. Mmoja wenu akae hapa siku zote, sitaki zamu, atazame mpaka bandarini."

"Kaa wewe, Dada Mkami," Rehani akatania, "umsalimie mkweo akipita."

"Wewe si waona viwili viwili? Kaa kiti kimoja, mimi nikae cha pili."

Shekue hakucheka. Macho yalimchoma, na kiti alikitaka. "Bwana Mselem, mbao ulizipigilia wewe. Zing'oe, sote tutazame."

"Kiti ni kimoja. Mkikikataa, naliziba na dirisha hilo."

"Macho yetu yamekujengea ghala la pili, nawe watugawia mwanga kama sadaka?" Shekue akauliza.

"Leteni nyundo," akaagiza Bwana Mselem. "Haya, nani?"

Shekue akashika mgongo wa kiti. Akikaa, macho yake yatapata nafuu, ya wenzake yatazidi kuumia. Akimwachia mmoja, atakuwa amemnyima mwingine.

Wasikilizaji, nyundo imeshafika mlangoni. Pindo, mji au jina: wewe ungemkalisha nani? Au ungemwambia Shekue akisukume kiti kile, giza liwe la wote?