Chupi Zisizoonyesha Doa

Dobi alipoanza kumcheka, tajiri Makame alimwendea fundi cherehani, Bi Mwanamvua, akaagiza dazeni ya chupi zisizoonyesha doa. "Ni za kuuza," aliwaambia wanywa kahawa wa pale barazani. "Nyinyi mashahidi. Mkiona doa, cherehani yake naichukua."

Bi Mwanamvua akakubali, akashona chupi nyeupe pe, akampa moja aijaribu.

Siku ya tatu Makame alirudi na kifurushi kwapani. "Doa limeonekana. Lete cherehani."

"Nani ameliona, bwana?"

"Mimi."

"Tulikubaliana kuwa na mashahidi. Wafungulie waone."

Wanywa kahawa waliweka vikombe chini, wakasogea. Makame akakibana kifurushi.

"Kwa kweli," alisema, "halionekani."

"Basi chukua na hizi kumi na moja," alisema Bi Mwanamvua. "Nazo ni nyeupe."