Jaa Gani?

Kitendawili! Nilipewa sikuomba, nikifa nitakiacha vinywani mwa watu. Hamkipati? Basi nipeni mji. Haya, jibu ni jina.

Sasa mnataka kujua ilikotoka ile methali niliyomkatiza nayo mjukuu wangu Tatu alipokuwa akilicheka jina la mwenzake: Jina usilicheke, muulize aliyelitoa. Methali hii ilianza hivi.

Pangani palikuwa na binti akiitwa Mwajaa, mtoto wa pekee wa Bi Mize, msusi wa ukili wa mikeka. Jaa, wajukuu zangu, ni pale tunapomwaga taka, kwa hiyo wenzake walimpigia kelele njiani, mwana wa jaani, mwana wa jaani. Kila alipomuuliza mama yake jina lile alilitoa wapi, Bi Mize aliinamia ukili wake akasema bado hajawa wa kuambiwa. Mwajaa akaacha kuuliza. Kuumia hakuacha.

Akaja akaposwa na Shaali, seremala, kijana aliyempenda kwelikweli. Lakini siku wazee walipokutana, shangazi yake Shaali, Bi Nunu, akasema binti hana kasoro ila jina. Libadilishwe, au posa irudi.

"Wageni wakija tuwaambie nini?" akauliza. "Karibuni chakula, kapika Jalala?"

Wanawake wakachekea ndani ya kanga zao. Mwajaa alikuwa nyuma ya pazia, kila neno analisikia.

Mzee mmoja akajaribu kuiokoa posa. Akakumbusha kwamba jaa pia ni kaskazini, na iko nyota ya jaa inayowaongoza wasafiri. Bi Mize aseme tu ni jaa hiyo, yaishe.

Kwa neno moja tu Mwajaa angempata Shaali. Akamwomba Mungu mama yake aseme ndiyo. Bi Mize akainama, kama ainamiavyo ukili wake. Binti akashindwa kuvumilia, akatoka nyuma ya pazia.

"Mama, jaa gani?"

"La taka, mwanangu," akasema Bi Mize. "Kabla yako nilimzaa Lulu, nikamzaa Zawadi, nikamzaa Faraja. Majina mazuri, na wote nimewazika hawajaota meno. Wewe nikakulaza jaani juu ya maganda ya mihogo, jirani akakuokota, nami nikakununua kwake kwa kanga niliyojifunga. Nilitaka jina ambalo mauti yakilisikia yapite, yaseme hapa hapana cha kuchukua. Na sikukwambia, maana niliogopa yasije yakasikia ninavyokupenda."

Hakuna aliyecheka tena. Bi Nunu alijitanda kanga yake vizuri, akaaga, na posa hakuirudisha.

Siku ya ndoa, Mwajaa alipotajwa mbele ya watu, msichana mmoja wa upande wa bwana harusi aliangua kicheko. Bi Nunu mwenyewe ndiye aliyemgeukia.

"Jina usilicheke," akamwambia. "Muulize aliyelitoa."