Sikudhani Perere na Nyumba ya Juu ya Mti

"Mmekaa?"

"Tumekaa!"

"Nina hadithi hapa mlangoni!"

"Ikaribishe, iingie!"

Hapo zamani za kale, Perere hakuwa mnyama wa mtini. Aliishi majabalini pamoja na ndugu zake pimbi. Jina lake Sikudhani. Alilala pango moja na mama yake mzee na mdogo wake Zawena, wamebanana wapate joto. Na mtama wao wa kiangazi waliuweka pamoja.

Siku moja akaja Kunguru mchuuzi na furushi lake.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu."

"Bi Sikudhani, hata kioo huna? Kule mlima wa pili kila mtu anacho."

Sikudhani hakuwahi kufika mlima wa pili. Lakini neno lile lilimchoma. Akapima mtama kibaba kizima, akapewa kioo. Akajitazama. Kumbe manyoya yake yamefifia hivi! Siku ile hakula.

Kunguru akarudi. "Manyoya hayo dawa yake shanga. Kule mlima wa pili wote wanavaa."

Sikudhani akapima vibaba viwili. Akazivaa shanga, akafurahi siku mbili. Siku ya tatu akaziona za kawaida tu.

Zawena akamwambia, "Dada, mtama unapungua. Na siku hizi huzungumzi nasi."

"Wewe huwezi kuelewa," akajibu, akageukia kioo chake.

Mara ya tatu Kunguru alikuja mikono mitupu. "Mtu wa shanga kama wewe unalala kwenye mawe, umebanwa na watu? Kule mlima wa pili wenye heshima zao wanakaa juu ya miti. Ninalo tundu moja safi mtini, hapa karibu, la peke yako."

"Bei yake?"

"Mtama uliobaki."

Zawena alikuwa malishoni. Mama alikuwa amesinzia. Sikudhani akamtazama mama yake, akautoa mtama wote, akahamia mtini.

Nyumba ilikuwa nzuri, kweli. Lakini ilikuwa baridi. Akisema neno, hakuna wa kumwitikia. Kunguru naye hakuja tena. Aje kufuata nini?

Kiangazi kikaingia. Sikudhani akateremka kwenda kwao. Pango tupu. Akamkuta Mjusi anaota jua.

"Wako wapi?"

"Njaa imewahamisha. Mama yako alikuita siku tatu, ndipo Zawena akambeba mgongoni. Hukusikia?"

"Wameelekea wapi?"

"Mlima wa pili."

Akakimbia mpaka akafika. Hakuona kioo, hakuona shanga, hakuona nyumba ya mtini. Aliona mawe, majani makavu, na bibi mmoja wa kipimbi.

"Walipita, mwanangu. Walikokwenda sikujui."

Sikudhani akaita, "Mama! Zawena!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Akarudi mtini kwake.

Ndiyo maana mpaka leo pimbi hukaa majabalini kwa makundi, na perere hukaa mtini peke yake. Analia kwa sauti kubwa, kisha ananyamaza, anasikiliza kama yuko aliyeitika.

Somo lake, wanangu, ni hili: mchuuzi huanza kwa kukufanya ujione umepungukiwa, ndipo akuuzie. Kabla hujatoa cha kutoa, watazame wale unaokula nao.

Hadithi imefikia ukingoni. Utamu wake gawaneni, uchungu niachieni mimi niliyeisimulia.