Mtikisa-mkia na Zimwi la Kisimani

Sogeeni, hadithi haina miguu ya kuwafuata. Anayewasimulia ametembea nchi nyingi, na kila alipoimba aliombwa anyamaze.

Zimwi lilikalia kisima. Bi Mwanakheri, mwanawe akiungua kwa homa na kiu, akalisihi.

"Nilaze usingizi," likasema, "ndipo uteke."

Akawaita ndege waimbaji. Chiriku akaimba, zimwi likapiga makofi. Kurumbiza akaimba, zimwi likataka tena. Mtikisa-mkia, kindege asiyesifika kwa kuimba, akasogea.

"Wewe kaa huko," Bi Mwanakheri akamwambia. "Nimeita waimbaji, sikuita wacheza ngoma."

Ndege wote wakacheka.

Mtikisa-mkia akatua mbele ya zimwi, akatikisa mkia: juu, chini, juu, chini. Macho ya zimwi yakaufuata, yakalegea, yakafumbika. Likakoroma.

Mtoto akanywa, akapona. Chiriku na kurumbiza wakainamisha vichwa, wakamwachia nafasi katikati ya tawi walilotua.

"Ahsanteni, wenzangu. Hapa chini pananitosha."

Bi Mwanakheri alitaka kumwomba radhi, akaona haya, akamfungulia tu mlango wa ua. Tangu hapo mtikisa-mkia huingia uani kwa watu bila kupiga hodi, na mwenye nyumba huona haya kumfukuza.

Hadithi imefika kwao, nanyi nendeni kwenu.