Pikapu ya Mwuza Magodoro

Wapendwa, hebu nisikilizeni. Kulikuwa na mwuza magodoro mmoja, mtu wa heshima zake, mwenye pikapu ya bluu. Bima ya pikapu ile ilikuwa imekwisha. Kila mkewe akimkumbusha, jibu lilikuwa moja: “Nitakata wiki ijayo.” Wiki ijayo haikufika.

Asubuhi moja akaiegesha nje ya ghala, akaingia kukagua mzigo. Alipotoka, akakuta doa la oili tu chini. Akapiga kelele. Mkewe akaja mbio kutoka dukani.

“Baba Tumsifu, twende polisi sasa hivi!”

“Polisi? Si wataanza na bima? Nijipeleke mahabusu kwa miguu yangu mwenyewe?”

“Lakini aliyeibiwa ni wewe!”

“Nyamaza, mama. Nitaitafuta kimyakimya.”

Akapanda bodaboda, akazunguka gereji hadi gereji akichungulia mageti. Kila alipoona askari, alitazama pembeni. Mnaona, ndugu zangu? Mwenye mali akatembea mjini kama mwizi. Na mwizi je? Huyo alikuwa barabarani, kashika usukani, hana wasiwasi.

Alasiri simu ikalia. “Wewe ndiye mwenye pikapu ya bluu? Fika kituoni.”

Moyo ukamruka kwa furaha. Imepatikana! Lakini alipofika akaikuta uani, kioo kimepasuka, bampa imekunjamana. Mkaguzi wa polisi, mwanamke mwenye sauti ya chini, akamtazama.

“Gari lako limemgonga mama mmoja mwuza mboga. Dereva kalitelekeza na kukimbia. Ni nani?”

“Afande, liliibwa! Tangu asubuhi.”

“Uliripoti kituo gani?”

Mwuza magodoro akainua mkono juu.

“Naapa, afande, sikuwamo.”

“Hilo tutalichunguza. Ila ujue jambo moja. Mchana gari hili lilipita mbele ya askari wangu pale darajani. Wangekuwa na taarifa, wangelizuia. Hawakuwa nayo, wakaliacha lipite. Lilipotoka pale ndipo likamkuta yule mama akivuka barabara. Mguu wake umesagika.”

Kwenye benchi la ukutani alikuwa amekaa binti wa mama yule, kanga yake ina damu. Akainuka, akamsogelea kwa adabu.

“Shikamoo, baba. Samahani. Gari lako lina bima?”

Mwuza magodoro akatazama pembeni.

Wapendwa, sisi tumezoea kusema, “Kosa langu ni langu, halimdhuru mtu.” Nani katudanganya? Yule bwana alidhani anaficha aibu yake peke yake, kumbe alikuwa anamfungulia mwizi njia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Nami naongeza: mara nyingine kilio hicho hakilii nyumbani kwetu. Hulia kwa mtu asiyetujua hata jina.

Basi tusiogope adhabu ya kosa dogo mpaka tukazaa msiba. Kuna mtu humu ndani, baba au mama, ana neno alilopaswa kulisema asubuhi, na sasa jua linapinduka. Liseme leo. Mwambie mkeo, mwambie jirani, mwambie Mungu wako. Utaaibika, ndiyo. Lakini wewe unayenyamaza hapo ulipokaa, nakuuliza: wakati huu unaponyamaza, ni nani anayevuka barabara?