Kiganja cha Mtaa wa Mkunguni

Zamani, kabla ya viganja kuonekana kando ya milango ya Mtaa wa Mkunguni, nyumba za mawe hazikuwa na umri. Kila mwenye nyumba aliitajia miaka aitakayo. Huyu alisema kwake aliwahi kulala sultani. Yule, kwamba chokaa yake ilikandwa kwa viini vya mayai elfu kumi, wala hakuna aliyeuliza kuku hao walifugwa wapi.

Bi Mwanajabu aliwapita wote. Alikuwa mcha Mungu, hakosi sala, lakini akianza habari za nyumba yake ulimi haukuwa na lijamu. Siku moja, mbele ya wageni wa harusi, alisema ndani ya ukuta wa sebule amezikwa walii. Alitaka tu kumpiku jirani mwenye sultani. Akaziona nyuso zao, akanogewa.

Asubuhi moja akamkuta Saumu, mke wa jirani wa nyuma, anakwangua ukuta ule kwa kijiko. Zena, binti wa Saumu, alikuwa na homa siku ya tatu.

"Tabibu umemwita?"

"Wa nini, bibi, na walii yuko hapa? Tangu jana namnywesha chokaa hii kwa maji."

Bi Mwanajabu akapima. Akikiri, mtaa mzima utamcheka. Akinyamaza, mtoto atakufa na uongo wake tumboni.

Akakichukua kijiko, akabandua chokaa kando ya mlango, tabaka baada ya tabaka, hadi kikatokea kiganja kidogo kilichozama ukutani.

"Mkono wangu huu. Nilikuwa na miaka sita, baba ndiyo kwanza anaijenga nyumba hii, anapiga lipu. Alinichapa. Nyumba hii ni changa kuliko mimi, mwanangu. Walii hamna, nilidanganya, Mungu anisamehe. Mwite tabibu."

Saumu akakitazama kiganja, akatoka mbio.

Zena alipona. Watu walicheka kweli, na jirani mwenye sultani alicheka kuliko wote, mpaka alipowakuta watoto wanabandua chokaa mlangoni pake wakitafuta mkono wa sultani.

Na tangu siku hiyo, nyumba ikijengwa Mkunguni, mtoto mdogo wa nyumba hukandamiza kiganja kwenye lipu mbichi kando ya mlango, wala hakipakwi chokaa kamwe.

Cha Bi Mwanajabu kingalipo. Zena, ambaye sasa ni bibi kizee, huwaambia wageni kina miaka mia tatu. Kisha huweka mkono wake juu yake, akasema astaghfirullah, akaitaja miaka ya kweli.