Kiboko Atafuta Bastola Isiyopiga Teke

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani?

Hatumjui, mwenye hadithi ni wewe!

Basi tulieni niwajulishe. Na wewe Chausiku, ukisinzia nitaanza upya, halafu ndugu zako watajua la kukufanya.

Palikuwa na bwawa, na bwawani palikuwa na Kiboko. Wanyama walisema bwawa ni letu sote. Kiboko alisema bwawa ni langu. Ubishi ukaishia hapo, maana Kiboko alikuwa na meno.

Kila asubuhi Kiboko aliingia majini, chubwi! Akajigeuza, chubwi! Akanya humo humo, na mkia wake ukatawanya kila kitu huku na huku, pwata pwata pwata! Akishamaliza anaita, "Haya, njooni mnywe!" Wanyama wakaziba pua, wakanywa, wakasema, "Ahsante Mheshimiwa, maji ya leo matamu."

Matamu! Mimi ningewachapa.

Sasa katika wanyama hao alikuwepo Komba. Komba mdogo, mikono myembamba, macho makubwa yasiyopepesa. Alikaa juu ya mti na mkewe na watoto wao pacha. Pacha hao walikunywa maji ya Kiboko, wakaharisha. Wakanywa tena, wakaharisha tena, mpaka wakawa hawana nguvu ya kulia. Komba akawatazama, moyo ukamuuma. Akasema, "Mke wangu, mwaka huu mwenye bwawa atakuwa mwingine, au tutazika watoto."

Mkewe akamjibu, "Utamshinda kwa nini, baba? Kwa hayo macho?"

"Kwa hayo hayo," Komba akasema.

Maana ya maneno yake ni hii. Bwawa lile lilikuwa na mila. Masika yakiisha, kibuyu kinatundikwa kwenye mkwaju ng'ambo ya maji, na wanaotaka wanashindana shabaha. Atakayekipasua ndiye anapanga zamu ya maji mwaka mzima. Lakini mila hiyo hiyo ilisema mkubwa achague silaha kwanza. Walikuwa wakirusha mawe, basi kila mwaka Kiboko alichagua mawe yote, wenzake akawaachia mchanga. Akashinda. Wakampigia makofi.

Mwaka huo yakaja mageuzi. Mwindaji mmoja alikimbizwa na nyuki, akaacha sanduku. Nyani akaliokota. Nyani huyu ndiye alikuwa mpambe wa Kiboko: Kiboko akipiga chafya, Nyani anasifu wimbo. Akafungua sanduku mbele ya wanyama wote, akakuta bastola mbili na risasi zake.

Ya kwanza kubwa, nzito, chuma kitupu, lakini risasi zake nyembamba kama mbegu za tikiti. Ya pili ndogo, nyepesi, inang'aa, na risasi zake nene kama zambarau.

Nyani akaijaribu ile nzito. Tik!

Wanyama wakatazamana. "Ndiyo hiyo tu? Mbona hata kunde kavu zinapasuka kwa kishindo zaidi!"

Akaijaribu ile nyepesi. NDUUU! Ndege wakaruka, majani yakapukutika, Nyani akatupwa nyuma akaangukia makalio. Akainuka anajipangusa, machozi yanamlengalenga, akasema, "Naam! Hii ndiyo bastola!"

Wote wakashangilia, wakakubaliana shabaha ya mwaka huo iwe ya bastola, si ya mawe. Kiboko naye akashangilia, ila kwa mdomo tu. Kwa sababu Kiboko, jamani, alikuwa na siri. Mwili mkubwa, meno makubwa, lakini hapendi kustushwa. Tawi likikatika nyuma yake, anafumba macho. Radi ikilia, anazama. Alipoona Nyani anavyotupwa, pua yake yote iliingia ubaridi.

Adhuhuri, wenzake wakiwa wamelala, Kiboko akaenda nyatu nyatu mpaka chini ya mti wa Komba.

"We Komba! Shuka kidogo. Una mikono ya kushika vitu, lazima unajua vitu. Nina rafiki yangu anauliza."

"Rafiki yako anauliza nini, Mheshimiwa?"

"Anauliza, kati ya zile mbili, ipi haipigi teke? Ana... ana mkono mwepesi kuumia, huyo rafiki."

Hapo, watoto, wengine wangesema uongo. Komba alisema ukweli mtupu. "Mwambie rafiki yako achukue ile nzito. Uzito wa chuma unalimeza teke, na risasi nyembamba haina teke la maana. Ile nyepesi ina risasi nene, na chuma hakina uzito wa kuizuia, kwa hiyo teke lote linamrudia mwenyewe. Kishindo kinasifiwa, pua inalia."

Kiboko akashusha pumzi. Puuu! "Kumbe! Basi atachukua nzito."

"Achukue, Mheshimiwa. Hata mimi nikipewa ile nyepesi nitatupwa mpaka kijiji cha pili. Nzito ndiyo bastola yetu sisi wanyonge, wajawazito na waoga. Watu watacheka kidogo tu. Mwambie asijali."

Kiboko akaondoka hakuaga.

Siku ya shabaha ikafika. Bwawa limezungukwa, kibuyu kinaning'inia. Kabla ya kuchagua, Komba akanyoosha mkono. "Naomba jambo moja. Kila mtu apige kutoka anapokaa siku zote. Mheshimiwa majini, mimi kwenye panda ya mti."

Kiboko akacheka mpaka maji yakapanda ukingoni. "Kaa hata kwenye jani. Mruhusuni."

Nyani akainua bastola zote mbili. "Mkubwa achague! Mheshimiwa, ipi?"

Kiboko akaitazama ile nzito. Mkono ukaanza kwenda. Ukaenda, ukaenda, umebaki kuigusa tu, mara Komba akapaza sauti kutoka mtini, sauti ya huruma kabisa:

"Mpeni hiyo hiyo isiyopiga teke! Jamani, tumhurumie Mheshimiwa!"

Mkono ukasimama hewani.

"Nani?" Kiboko akanguruma. "Nani kasema mimi nahurumiwa? Mimi teke ndicho kifungua kinywa changu! Nyani, lete inayolia!"

Akachukua ile nyepesi. Msiniulize kidole chake kilipitaje kwenye kifyatulio, hadithi ni yangu. Risasi tatu alizopewa akazitia shavuni, kwa sababu Kiboko hana mfuko ila ana mdomo.

Akatoa ya kwanza, akalenga, akafyatua. NDUUU! Bastola ikaruka, ikampiga pua, pwa! Risasi ikaenda kutafuta mawingu.

Nyani akaimba, "Mheshimiwa ameikaripia mbingu!" Makofi, pa pa pa.

Kiboko akatoa ya pili. Akalenga. Lakini sasa pua ilikuwa inakumbuka. Akafumba macho kabla hajafyatua, mtutu ukainama. NDUUU! Risasi ikachimba tope, tope likamjaa usoni, bastola ikarudi pua ile ile, pwa! Na kwa maumivu, gluk! Akaimeza ya tatu.

Nyani akaimba, "Mheshimiwa anatuchimbia kisima!" Makofi, pa... pa.

Sasa mkubwa afanyeje? Aseme nimemeza risasi? Mkubwa hasemi hivyo. Akajifanya anatia risasi, akainua bastola tupu. Akafumba macho. Akakaza mashavu. Akageuza uso pembeni. Akafyatua.

Kche.

Kche tu, basi. Bastola haikulia, haikuruka, haikumgusa. Lakini Kiboko akaruka nyuma, akapiga ukelele, "Mama weee!" akaanguka chali, chubwi, miguu minne juu.

Nyani akafungua mdomo asifu, akaufunga.

Komba akauliza taratibu, "Jamani, bastola haikusema kitu. Aliyepiga teke ni nani?"

Kitoto cha Ngiri kikacheka, kwi! Mama yake akakiziba mdomo, halafu naye akacheka. Swala akacheka. Pundamilia akacheka mpaka akakaa chini. Walicheka miaka yote waliyokuwa wamesema maji matamu. Kiboko akazama, yakabaki masikio mawili yanatetemeka juu ya maji.

Komba akaletewa ile nzito. Akailaza kwenye panda ya mti, panda ikabeba uzito. Akashika kwa mikono miwili, akatoa macho yake yasiyopepesa. Akawaza pacha. Akafyatua.

Tik!

Kibuyu, pwasu!

Basi Komba akawa mwenye zamu. Nyani huyo mbio chini ya mti, ameinama mpaka paji linagusa vumbi. "Mheshimiwa Komba! Kesho utaoga kwanza, au utakunywa kwanza?"

Na Komba, wallahi nawaambia, alinyamaza kidogo. Alinyamaza kiasi cha mkewe kumgeukia na kumkazia macho.

"Watoto kwanza," Komba akasema haraka. "Watoto wa kila mtu. Halafu wenye kiu. Kiboko ataoga jua likizama, huko chini maji yanakotiririkia nje."

Kesho yake pacha wakanywa maji maangavu, unaona hadi kokoto za chini. Hawakuharisha. Wakalia kwa nguvu kutwa nzima, na mama yao hakuwanyamazisha.

Nanyi mnataka funzo, najua, wazazi wenu wataniuliza. Funzo ni hili: ukienda kuchagua bastola, usichague kwa masikio, pua ndiyo italipa. Tena msimdanganye mkubwa hata siku moja. Mwambieni ukweli, mwambieni mbele za watu, kwa huruma nyingi, halafu kaeni mbali na mtutu.

Ngano yangu imetua mzigo hapa. Mwenye kichwa aubebe, na mwenye pua aishike.